Nyemo Kati ya Madungu Mawili

Kisa kije!

Ninyi mniitikie: Kije na watu wake!

Kisa kije!

Haya, kimekuja, kimeketi. Sechelela, mpe mwenzio nafasi kwenye ngozi, usimsukume. Sikilizeni.

Hapo kale, kale iliyozaa kale nyingine, siku ambazo mawe ya Chilanje yalikuwa bado laini na tembo akiyakanyaga anaacha unyayo, mimi sikuwepo, ninyi hamkuwepo, hata huyo anayejikuna pale nyuma hakuwepo. Lakini njaa ilikuwepo. Mvua ilikuwepo, ikitaka inakuja, isipotaka haiji. Na watu walikuwepo, wenye midomo, na maneno ndani ya midomo, kama sisi.

Palikuwa na mtoto wa kike, jina lake Nyemo. Miaka tisa, wa kumi unabisha hodi. Miguu yake mirefu kama ya korongo, na mbio zake, wajukuu zangu, mbio zake zilisimuliwa mpaka vijiji vya mbali. Mama yake, Mbumi, alijifungua pacha mwaka huo. Nyumba ikawa na vilio viwili na chungu kimoja. Baba yake akakuna kichwa, akasema, "Mwanangu, nitakupeleka Chilanje, kwa wazazi wa mama yako. Utakaa nao mpaka mavuno. Utawasaidia kuamia ndege, kuwafukuza wasile mtama."

Nyemo hakulia. Wewe ungelia? Kwenda kwa bibi na babu, nani analia? Alifunga kitambaa chake, akakaza mshipi, akatangulia mlangoni.

Wakatembea kutwa nzima, baba mbele, Nyemo nyuma, na kuku mmoja wa zawadi kwapani akilalamika njia yote. Na kila hatua Nyemo alikuwa akikumbuka. Alikumbuka tembe ya babu, ile nyumba ndefu yenye paa la udongo lililo sawa kama sakafu, ambapo maboga hukaa juu yakiota jua. Alikumbuka harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa kwa moshi. Alikumbuka mlenda wa bibi, unaovutika kutoka bakulini mpaka kidevuni. Lakini kuliko vyote alikumbuka kelele. Babu yake, Mzee Madeha, na bibi yake, Bibi Mbeleje, walikuwa watu wa maneno. Wakilima wanaongea, wakipura mtama wanaongea, mmoja akienda kuchota maji na mwingine akabaki, bado wanaongea, kila mtu na pumzi yake.

Wakafika jua likiwa limeinama. "Mbukwa," baba akasalimu, kama wanavyosalimiana watu wa huko.

"Mbukwa, mkwe wangu," akaitikia Mzee Madeha, amekaa kulia kwa mlango.

"Mbukwa, baba," akaitikia Bibi Mbeleje, amekaa kushoto kwa mlango.

Kisha kimya. Nyemo akangoja. Kimya. Kimya kile cha nyumba yenye mgonjwa, ila mgonjwa hayupo.

Baba hakutambua kitu, alikuwa amechoka. Asubuhi akaaga, akarudi kwa pacha wake. Nyemo akabaki na bibi yake, na babu yake, na kimya chao.

Jioni bibi akasonga ugali, akaupakua, akasema, "Nyemo, mwambie babu yako chakula tayari."

Nyemo akamtazama babu. Babu alikuwa pale pale, goti lake karibu liguse chungu.

"Lakini bibi, babu si huyu hapa?"

"Nimesema mwambie."

"Babu, chakula tayari."

"Nimesikia," akasema babu. "Sasa mwambie bibi yako, ugali wake leo ni mgumu."

"Bibi, babu anasema ugali ni mgumu."

"Mwambie, mikono ya mpishi imefuata moyo wake. Na moyo huo ulikaushwa na nani? Mwulize."

"Babu, bibi anauliza..."

"Mwambie nina shughuli. Natafuna."

Mnacheka! Nyemo naye alicheka, siku ya kwanza. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu hakucheka tena, maana alikuwa ameshaona kwamba wale wazee wawili hawachezi.

Shamba lao lilikuwa nyuma ya majabali, mtama mtupu, mweupe, umeanza kutoa masuke. Upande wa mawio ya jua palikuwa na dungu, kile kichanja kirefu cha miti anachokaa mwamiaji ili aone mbali. Hilo la bibi. Upande wa machweo palikuwa na dungu jingine. Hilo la babu. Kutoka dungu hadi dungu sauti ya kuita inafika, sauti ya kunong'ona haifiki. Na katikati, toka huku hadi kule, lilipita tuta moja kubwa.

Nyemo akawa mtu wa lile tuta. Anashuka kwa bibi, mbio, mbio, mbio, anapanda kwa babu. Anashuka kwa babu, mbio, mbio, mbio, anapanda kwa bibi. Mwambie babu yako. Mwambie bibi yako. Mwambie, mwambie, mwambie.

Siku moja akiwa dunguni kwa bibi, wanafinyanga mabonge ya udongo ya kurushia ndege kwa kombeo, akathubutu.

"Bibi, babu alikukosea nini?"

Bibi Mbeleje akafinyanga bonge moja, akalikausha kwa vumbi, akaliweka. Akafinyanga la pili. Ndipo akasema, "Unauona huu mtama, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyomwita, kwa utani, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Naona."

"Mbegu yake nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa. Mama alipewa na mama yake. Hukomaa upesi kabla jua halijageuka adui. Kila mwaka naweka kibuyu kimoja, hakiguswi, hata tukilala na njaa hakiguswi. Mwaka jana njaa ilipouma, nilikwenda kuchimba mizizi. Nikarudi, kibuyu kitupu. Babu yako amekitoa. Amempa mpwa wake. Hakuniuliza. Hakuningoja nirudi. Nimekaa naye miaka arobaini, Nyemo, akakiona kibuyu cha mama yangu ni chake."

"Sasa hii mbegu ilitoka wapi?"

"Masuke manne. Nilikuwa nimeyatundika juu ya moshi wa jiko, niliyasahau. Manne tu. Ndiyo haya yote unayoyaona. Ndege wakiyala haya, mbegu ya mama yangu imekwisha duniani." Akachukua udongo mwingine. "Siku ile nilimwambia: tangu leo sina neno nawe. Na sina."

Nyemo akashuka. Mbio, mbio, mbio, akapanda kwa babu.

"Babu, ni kweli ulitoa kibuyu cha bibi?"

Mzee Madeha alikuwa akisuka kombeo. Mikono yake ikasimama.

"Kwanza mchumba wangu hunipa salamu."

"Shikamoo babu. Ulitoa?"

"Nilitoa. Mpwa wangu alikuja na watoto watatu. Walikuwa wakitafuna kamba ya ngozi, Nyemo. Mdogo alikuwa hana nguvu ya kulia. Ningemwambia asubiri, bibi yako yuko porini?"

"Basi kamwambie bibi hivyo."

"Nilitaka kumwambia. Akanigeuzia mgongo kabla sijafungua mdomo. Na mimi mwanaume mzima, nikaongee na mgongo? Aliyefunga mlango ndiye aufungue."

Mmesikia? Huyu ana haki yake. Na yule ana haki yake. Ugomvi wa mwenye haki na mwenye makosa huisha haraka. Ugomvi wa wenye haki wawili, huo ndio hulala nyumbani na kuzaa.

Usiku ule Nyemo alijifunika ngozi yake akawaza. Akasema moyoni, haya maneno si yanapita kwangu? Yakipita kwangu, kwa nini yapite na miiba yake? Asubuhi bibi akamtuma: "Mwambie babu yako, kama anataka uji aje, na kama hataki akae huko huko na ukaidi wake."

Nyemo akaenda. "Babu, bibi anasema njoo unywe uji ungali moto."

Babu akainua nyusi. "Kasema hivyo?"

"Kasema."

Babu akanywa uji, akalamba kidole. "Mwambie bibi yako leo hakuuunguza. Ajabu."

Nyemo akaenda. "Bibi, babu anasema uji wako hauna mfano."

Bibi akageuka kando, lakini Nyemo aliona shavu lake likisogea.

Lo! Mtoto akanogewa. Bibi akisema, "Mwambie akohoe mbali, ananiharibia usikivu," Nyemo anasema, "Babu, bibi anauliza kifua chako kinaendeleaje." Babu akisema, "Mwambie ameketi kama gunia, ndege wa upande wake wananenepa," Nyemo anasema, "Bibi, babu anakuonea huruma, unakaa juani sana." Siku ya nne ugali wa babu ukaongezeka. Siku ya tano babu akapasua kuni za bibi bila kuombwa, akazipanga vizuri mlangoni. Siku ya sita bibi alisikika akiimba peke yake jikoni. Na Nyemo akajiona mganga mkuu, akajiona amepata dawa ambayo wakubwa wote hawaijui.

Ndipo akazidisha. Ndiyo hivyo, wajukuu zangu, anayeonja asali hachovyi kidole kimoja.

Siku ya saba akamwendea bibi. "Bibi, babu amesema amekosa. Anaomba radhi."

Bibi Mbeleje akaacha kupepeta. Akaweka ungo chini. "Kasema mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

Kisha Nyemo akashuka, mbio, mbio, mbio, akapanda kwa babu. "Babu, bibi amesema amekosa kukugeuzia mgongo. Anaomba radhi."

Babu akatoa macho. Akakohoa. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Bibi yako huyu huyu?"

Jioni ile bibi alimchinja yule kuku wa zawadi. Akajipaka mafuta, akavaa ushanga wake wa sherehe, akatandika ngozi mpya. Babu akaoga, akafunga nguo safi begani, akaja akakaa. Wakala. Nyemo katikati, moyo unamdunda kwa furaha. Bibi akangoja neno la babu. Babu akangoja neno la bibi. Bibi anangoja. Babu anangoja. Mifupa ya kuku ikaisha. Mwishowe babu, akiwa ameshiba na moyo wake mweupe, akasema, "Nyemo, mwambie bibi yako nimeipokea radhi yake. Yamekwisha."

Bibi akaweka bakuli chini, taratibu.

"Radhi ya nani?"

Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, alikuwa ameuliza moja kwa moja. Lakini ole wake aliyeulizwa!

"Si ulisema umekosa?" akasema babu.

"Mimi? Mimi niliyetolewa kibuyu, niombe radhi? Wewe ndiye uliyesema umekosa!"

"Sijasema neno kama hilo!"

Wakageuka wote wawili, wakamtazama Nyemo. Jamani, kuna macho yanayochoma kuliko kaa la moto. Nyemo akainama. "Nilitaka... nilitaka muongee."

Hakuna aliyempiga. Heri wangempiga. Babu alinyanyuka akatoka nje. Bibi akavua ushanga wake, shanga moja moja kana kwamba anazihesabu, akautia kikapuni. Akasema bila kumtazama, "Nilikuwa nimeshamsamehe, Nyemo. Nimemsamehe mtu ambaye hakuniomba. Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Tangu siku hiyo mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Bibi akitoa neno, anasema, "Lirudie nilisikie. Nenda nalo hivyo hivyo." Babu akitoa neno, anasema, "Usilipake asali." Na yalikuwa maneno gani! Magumu, makavu, yenye ncha. Nyemo akayabeba jinsi yalivyo. Analibeba la bibi, linamkata yeye kwanza. Analibeba la babu, linamkata yeye kwanza. Mtoto akaacha kula vizuri. Ile miguu ya korongo ikawa mizito kama imefungwa mawe.

Mtama nao haungoji wenye kugombana. Masuke yakavimba, punje zikajaa maziwa, na hapo ndipo adui huja.

Mnawajua kwelea? Ndege mdogo, kiganjani anaenea, ukimwona peke yake utamwonea huruma. Lakini haji peke yake. Asubuhi moja Nyemo alikuwa kwa bibi, hewa imetulia, akaona moshi upande wa milima. Akasema, "Bibi, wamechoma pori?"

Bibi akakinga macho. "Ule si moshi."

Ule moshi ulikunjuka, ukajikunja, ukageuka. Ukaanza kuvuma kama mvua inayokuja juu ya majani makavu.

Zamani, kabla ya kimya, wazee wale walikuwa na mwito wao wa kuamia. Bibi anaanza, babu anapokea, shamba zima linatetemeka, ndege hapati nafasi ya kutua. Majirani walikuwa wakiujua. Lakini mwito wa watu wawili hauimbwi na mtu mmoja, na tangu ugomvi haukuwahi kusikika. Sasa bibi akashika kombeo lake, akarusha bonge, akalia, "Haiyaa!" Ndege wakanyanyuka upande wake, wakazunguka, wakatua upande wa babu.

"Nyemo! Mwambie babu yako wamekwenda kwake!"

Mbio, mbio, mbio. "Babu, bibi anasema wamekuja kwako!"

"Mwambie nina macho!" Akarusha bonge. Ndege wakanyanyuka, wakazunguka, wakatua katikati. "Mwambie yeye apige katikati, mimi nipige kwa nje!"

Mbio, mbio, mbio. "Bibi, babu anasema upige katikati!" Lakini Nyemo alipofika na neno hilo, ndege walishatoka katikati, wako pembeni. "Mwambie simwelewi! Mwulize katikati ya wapi!" Mbio, mbio, mbio. Neno likifika, limechelewa. Neno likirudi, limekwisha maana. Na kila Nyemo alipokatiza shamba alisikia sauti juu ya kichwa chake, tik tik tik tik, midomo elfu na elfu ikivunja punje. Mtama uliosimama mweupe asubuhi ulikuwa unabaki mabua matupu. Mbegu ya mama wa mama wa mama.

Basi katikati ya tuta miguu ya Nyemo ikagoma. Hakuanguka, msidhani alianguka. Alikaa chini. Akakaa kwenye tuta, akakumbatia magoti.

"Nyemo!" bibi akaita. "Mwambie babu yako—"

"Siendi!"

"Nyemo!" babu akaita. "Mwambie bibi yako—"

"Sisemi!"

Akasimama pale katikati, mdogo, mtama unamzidi kimo, hawamwoni, wanamsikia tu. Akalia kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu azaliwe.

"Nimechoka! Nilibeba maneno yenu nikayatia utamu, mkasema mimi mwongo. Kweli nilidanganya, nimekosa. Nikayabeba na uchungu wake, yananiumiza mimi, ninyi hamuumii! Neno la bibi ni zito. Neno la babu ni zito. Mimi ni mtoto! Sibebi tena. Mwenye neno aseme mwenyewe!"

Ndege tu. Tik tik tik tik.

Nyemo akafunga macho, akangoja kuitwa mtoto asiye na adabu.

Kutoka dungu la mawio ikaja sauti. Imepasuka, imekauka, sauti ya mtu aliyekuwa hajaimba mwaka mzima mbele ya mumewe. Ulikuwa ule mwito.

"Ndege mgeni, mama yako naniii?"

Mwitikio haukuja.

Bibi akarudia, na safari hii sauti ilitetemeka, maana kuita bila kuitikiwa ni aibu, mnajua. "Ndege mgeni, mama yako naniii?"

Haukuja. Nyemo akafungua macho. Akawaza, imekwisha. Bibi ameshusha kiburi chake, babu amekataa kushusha chake.

Lakini Mzee Madeha hakuwa amekataa. Alikuwa amesimama juu ya dungu lake, kombeo limemponyoka, analia kama mtoto. Na alipopata sauti hakuitikia mwito. Aliita jina. Akaliita lile jina lenyewe la usichana, ambalo hakulitumia tangu apate mtoto wa kwanza na kuanza kumwita Mama Mbumi.

"Mbeleje!"

Majirani wa shamba la pili wakainua vichwa.

"Mbeleje! Nilikosa! Kuwapa watoto chakula sikukosa, lakini kutokukungoja nilikosa! Kibuyu kilikuwa chako! Unanisikia?"

Upepo ukapita. Bibi akasogea ukingoni mwa dungu lake. Kisha akajibu, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye majabali.

"Nimesikia, Madeha! Na mimi ningetoa! Ungeniuliza, ningekipakua kibuyu kwa mikono yangu! Sasa itikia, mzee, ndege wanatumaliza!"

Na babu akaitikia!

"Simjuiii! Arudi poriniii!"

"Ndege mgeni, shamba lako lipiii?"

"Halipooo! Arudi poriniii!"

Na kombeo likavuma huku, na kombeo likavuma kule, bonge likatoka mawio, bonge likatoka machweo. Nyemo akaokota kipande cha kibuyu na fimbo, akapiga, akapiga, akapiga, akiruka juu ya lile tuta. Lile wingu likanyanyuka. Likataka kutua kwa bibi, sauti ya bibi ikalikuta. Likataka kutua kwa babu, sauti ya babu ikalikuta. Likataka kutua katikati, likamkuta Nyemo. Likazunguka, likazunguka, mwishowe likajikunja kama mkeka, likaelekea kwingine.

Ndege walirudi kesho yake. Na kesho kutwa. Siku tisa wale wazee waliitana na kuitikiana mpaka sauti zikabaki mnong'ono. Siwadanganyi: hawakuokoa shamba lote. Theluthi ililiwa. Lakini theluthi mbili zilisimama, zikakauka, zikakatwa, zikapurwa, na kihenge cha nafaka kikajaa mpaka juu ya kiuno cha mtu mzima. Na juu ya moshi wa jiko bibi akatundika masuke ishirini.

Jioni moja ya mavuno Nyemo alimwendea bibi yake. "Bibi, siku ile nilikudanganya. Nisamehe."

Bibi akamvuta, akamkalisha mbele yake, akaanza kumsuka nywele. "Uongo wako ulikuwa mtamu, mke mwenzangu, na nilipenda kuuamini. Hicho ndicho kilichoniuma. Lakini mwenye kosa kubwa ni mimi na huyu mzee. Tulikutwika mzigo wetu kwa sababu una miguu mizuri. Mtu hamtwiki mtoto mzigo kama ule."

"Nani anazungumza habari zangu huko?" babu akauliza kutoka nje.

"Njoo usikie mwenyewe!" bibi akajibu. "Nani atakuletea?"

Baba yake Nyemo akaja kumchukua. Mizigo ikafungwa, mtama ukatiwa kikapuni wa kumpelekea mama. Wakawa mlangoni wanaagana, bibi akasema, "Haya Nyemo, ukifika mwambie mama yako..."

Akasita. Nyemo alikuwa amemtazama tu.

Bibi Mbeleje akamgeukia mumewe. Mumewe akamtazama. Babu akaingia ndani, akatoka na fimbo yake ya safari. Bibi akaingia ndani, akatoka na ushanga wake shingoni.

"Mnakwenda wapi?" baba akashangaa. "Ni mwendo wa kutwa!"

"Tuna neno na binti yetu," akasema bibi. "Tunalipeleka."

Wakaondoka wote wanne. Baba mbele na kikapu, Nyemo katikati ameshika mkono huku na mkono kule, na wazee wakibishana njia nzima, kama kijia cha mkono wa kulia ndicho kifupi au cha mkono wa kushoto. Jua lilipoinama wakafika. Mbumi alikuwa amekaa nje, pacha mmoja kwa kila ziwa, amekonda, macho yamechoka. Akainua kichwa, akamwona mama yake anakuja, akamwona baba yake anakuja. Mama yake hakungoja salamu. Alimpokea pacha mmoja, babu akampokea wa pili, na bibi akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mwanangu, tumekuja kukusaidia. Kalale."

Mpaka leo kule Chilanje, mtu akitaka kukutuma na neno la ugomvi, wewe unamwambia tu, "Nyemo amekaa tutani." Ataelewa. Atajitwika neno lake, aende nalo.

Na ninyi mnaonisikiliza, shikeni hili: mzigo wa kuni mtoto atabeba, mtungi wa maji mtoto atabeba, lakini ugomvi wa wakubwa si mzigo wa mtoto. Neno chungu lipeleke mwenyewe, maana likiwa mdomoni mwako utaona ukali wake, huenda ukalimeza njiani. Na neno tamu, hilo la "nimekosa", usimwachie mtu alisemee kwa niaba yako, hata kama anakupenda.

Kisa kimesimama, kimejipangusa vumbi, kinawaaga.

Ninyi mwitikie: Kiende salama, watu wake tumebaki nao!